Haidra Kumi na Mmoja wa Dirishani

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, magoti yamepunguza kelele na wajukuu bado hawajakumaliza. Sisi huku hatujambo. Mama amelala vizuri, amekula vizuri, na asubuhi hii amegombana na redio vizuri, kwa hiyo afya yake ni ile ile unayoijua. Mimi sina la kulalamikia isipokuwa jino moja la nyuma, nalo limetulia tangu niliposema kwa sauti kwamba nitalipeleka kwa daktari.

Wifi tumekaa naye siku tano na tumemfaidi. Leo anarudi kwako na basi la saa nane mchana. Ameshafunga mizigo, na sasa hivi yuko sebuleni anamkata Mama kucha huku Mama akimwelekeza namna ya kushika mkasi. Mimi nimejifungia chumbani na kalamu. Nina saa nne, nazo zinanitosha. Nimewahi kuripoti hukumu ya kurasa mia mbili kwa dakika arobaini. Barua hii ataileta Wifi mkononi, pamoja na chupa iliyofungwa ndani ya taulo la bluu. Tafadhali usiifungue chupa kabla hujafika mwisho wa barua. Najua unavyosoma magazeti, unaanzia nyuma. Leo anzia mbele.

Wifi ametueleza habari za mwalimu mkuu wa ile shule iliyo jirani nawe. Anasema mama huyo amekuja kwako mara mbili. Maabara yao iliyofungwa miaka kumi na moja imefunguliwa, rafu zimepakwa rangi, tangi la kioo limewekwa, na hawana mtu wa kulitunza wala wa kuwasimamia watoto kwenye masomo ya vitendo. Wanakutaka asubuhi tatu kwa wiki. Umemjibu kwamba wewe ni mtu wa hesabu na kwamba kitu hai hakidumu mikononi mwako. Amekupa mpaka mwisho wa mwezi ufikirie tena. Wifi anasema alipoondoka ulikaa nyuma ya gazeti mchana kutwa bila kufungua ukurasa, na kwamba hata yeye, aliyekuzoea miaka thelathini na nne, hakuthubutu kukuuliza kama unasoma.

Na mjukuu wako alinipigia simu mwezi uliopita. Alikuwa amekuomba samaki wawili wa kufuga, ukamwambia, muulize bibi yako wa gazetini kuhusu chupa yangu. Basi akaniuliza: "Bibi, eti babu aliua nini kwenye chupa?" Nikamwambia sisikii vizuri, simu inakatakata. Simu ilikuwa safi kabisa, Kaka. Nilisikia mpaka mbwa wa jirani yenu. Nitarudi kwenye jambo hilo.

Kwanza habari za kazi. Wiki mbili zilizopita mhariri wetu alinitoa kwenye habari za mahakamani. Ni kijana aliyezaliwa mwaka nilioanza kazi. Mbele ya watu ananiita Shangazi, na akitaka kitu ananiita Bosi. Siku hiyo aliniita Bosi. Mwandishi wa ukurasa wa sayansi amehamia redioni, akasema, na ukurasa hauwezi kubaki na picha za mwezi kila wiki. Akanipa moyo kwamba nitapumzika, kwa sababu wanyama hawakati rufaa. Nikakubali. Akasema habari ya kwanza itahusu namna viumbe wadogo wa majini wanavyokula bila kuwa na utumbo, kwamba kuna chuo kina maabara yao, hasa ya haidra. Nikamwomba arudie neno la mwisho, ingawa nilikuwa nimelisikia.

Maabara yenyewe ni chumba kirefu nyuma ya jengo la utawala, kati ya stoo ya viti vibovu na jenereta. Ndani kuna rafu za chuma, na juu ya rafu kuna mabakuli ya kioo yanayoenea kwenye kiganja, mia mbili na kumi na mawili, kila moja limebandikwa utepe wenye tarehe. Niliyahesabu. Mtunzaji wake ni mama wa makamo anayevaa ndala na koti jeupe lililoungua mfukoni. Chuo kizima kinamwita Mama Vikombe na yeye mwenyewe anaitikia. Nilimuuliza kama haidra wake wana majina. Akaniambia hapana, kwa sababu ukimpa kiumbe jina utataka kumlisha kila akikutazama, na huyu hana hata macho.

Ana sharti moja, nalo hamlegezei mtu. Kwake hakuna kuonjaonja. Mlo ukianza, unakaa mpaka meza ifutwe. Mwandishi aliyenitangulia alikaa dakika ishirini, akaenda kuandika kwamba haidra hula upande mmoja na kutoa mabaki upande wa pili. "Huo upande wa pili nimeutafuta miaka kumi na tisa," alisema Mama Vikombe, "ukiuona, tafadhali niite." Akanivutia kigoda, akanisogezea lenzi yenye mkono, na tukakaa. Nakuandikia saa kama zilivyo kwenye daftari langu, kwa sababu najua utataka kuzikagua.

Saa mbili na dakika kumi asubuhi alidondosha ndani ya bakuli vitoto vitano vya kamba, vya rangi ya chungwa, kila kimoja kama nukta ya mwisho wa sentensi. Haidra alikuwa uzi mwembamba usiofika sentimita moja, amejishikiza kwenye kioo kwa mguu wake, minyiri saba kama ya pweza inaning'inia. Kamba mmoja akagusa mnyiri. Akasimama ghafla kama mtu aliyekumbuka kitu alichosahau nyumbani. Mama Vikombe akanieleza kwamba ndani ya mnyiri kuna vifuko, na ndani ya kila kifuko kuna uzi uliokunjwa unaofyatuka kama mshale na kudunga. Mpaka hapo mdomo haukuwapo. Nilitazama kwa makini: katikati ya minyiri palikuwa na kinundu tu, kimefungwa. Haufunguki kwa kuwa chakula kipo karibu. Unafunguka pale tu majimaji ya windo lililojeruhiwa yanapoufikia. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema nisubiri nione. Nikasubiri, kinundu kikafunguka, kamba akaingia mzimamzima. Saa mbili na robo wote watano walikuwa ndani, na haidra amevimba kama soksi iliyotiwa machungwa.

Kuanzia hapo hakuna kilichokwenda haraka. Seli za ukuta wa ndani zinamwaga vimeng'enya, windo linalainika, mwili unajibana na kujiachia, vijinywele vinakoroga. Saa tatu na nusu hapakuwa tena na kamba, palikuwa na supu. Saa nne na nusu niliona rangi ya chungwa inaondoka katikati na kuhamia kwenye ukuta. Hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Seli za ndani zinajinyoosha, kila moja inameza punje zake, na kazi ya kumeng'enya inamaliziwa ndani ya seli hiyo hiyo. Hakuna utumbo wa kuzungukia, hakuna ini, hakuna damu ya kubeba kitu kwenda popote. Mwili una tabaka mbili tu, la ndani na la nje, na lile lililofyonza linampitishia jirani yake. Mama Vikombe alisema kila seli ina jiko lake, na hakuna anayemjengea jirani ukuta. Kufika saa sita mnyama mzima alikuwa rangi ya chungwa mpaka ncha za minyiri.

Wakati huo mimi mwenyewe nilikuwa sijatia kitu mdomoni. Akanihurumia, akachemsha maji, tukanywa chai kwa biskuti bila kuondoka kwenye kigoda. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa rafu ya juu kabisa, mbali na mabakuli, la bati, lenye kifuniko cha kubetua kwa mpini wa kijiko, kama lile la Mama la zamani. Nililitazama kwa muda.

Saa tisa na dakika tano alasiri haidra alifungua mdomo ule ule na kutema maganda. Mlo mzima, saa saba kasoro dakika tano. Mama Vikombe hakungoja hata pumzi moja. Akamwaga maji, akapitisha kidole ndani ya bakuli kufuta utelezi, akatia maji safi. Akasema hapa ndipo watu wanapowaua: hawawaui kwa njaa, wanawaua kwa mabaki. Haidra anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula, akanywea, akawa nusu yake, na akawa mzima kabisa. Lakini kitu kikioza ndani ya bakuli, siku mbili tatu zinamtosha.

Alinionyesha na wengine. Kuna sifongo anayeota juu ya jiwe, ambaye hana hata mdomo. Maji yanaingia kwa vitundu vya ubavuni na kutokea juu, na njiani kila seli inadaka punje yake, kisha seli nyingine zinazotembeatembea zinachukua chakula na kukipeleka kwa wenzao. Alidondosha tone la rangi ubavuni, tukaliona linatokea juu kama moshi. Nilimwambia huyo ni soko kuliko mnyama. Akasema nisimtukane sifongo wake.

Jioni wakati wa kula nilimweleza Mama. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo redio haijawahi kulipata kwake. Akauliza: "Kwa hiyo hana tumbo?" Nikasema ni kama tumbo peke yake, halafu minyiri ya kushikia. Akasema basi anamjua, tumbo lenye mikono, marehemu mjomba wenu. Kesho yake mhariri aliweka kichwa cha habari kinachosema mnyama hana tumbo. Nikaenda mezani kwake kumwambia kwamba si kweli, ni karibu kinyume chake. Akasema, "Shangazi, awe nalo asiwe nalo, mimi nina nafasi ya maneno matatu." Nikampa maneno ya Mama. TUMBO LENYE MIKONO. Gazeti lenyewe liko ndani ya mzigo wa Wifi. Mama anadai jina lake lilipaswa kuandikwa, na amemwambia mhariri hivyo kwa simu.

Ila kuna sehemu ya siku ile ambayo sikuiandika gazetini.

Tulipokuwa tunakunywa chai nilimuuliza Mama Vikombe, kwa sauti ya mtu anayeuliza ratiba ya basi, ingekuwaje mtu akiwapa haidra maziwa ya unga. Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Akauliza ni mjinga gani huyo. Nikamwambia ni mjinga wa miaka tisa. Akaacha kucheka, akasema huyo si mjinga, ni mtoto mwenye huruma, na kwamba kwa haidra hao ndio hatari zaidi. Maziwa hayana jeraha, alisema. Mdomo haufunguki. Maziwa yanapita kwenye minyiri, yanatua chini, yanaoza, na hewa iliyomo majini inakwisha.

Nikauliza kama haidra wa chupa yako wangeweza kufa kwa jua la dirishani badala ya maziwa. Akasema inawezekana, jua kali linaua, lakini yeye hawezi kutoa ushahidi juu ya chupa asiyoiona, ya miaka arobaini na moja iliyopita. Mashahidi wa namna hiyo nimekutana nao wanne katika miaka yangu ishirini na saba ya kazi. Basi nikamwomba mabakuli mawili. Alitaka kujua ni ya nani. Nikamwambia ni ya kaka yangu. Akateremsha mabakuli mawili rafuni, akasema: "Haya, ishirini nakupa. Na ukikosea hata neno moja gazetini, wa ishirini na moja ni wewe."

Tuliweka haidra kumi katika kila bakuli. Hatukuwalisha. Tukayaweka yote mawili kwenye dirisha linalopata jua la asubuhi kupitia pazia jembamba, kama dirisha la chumba chako cha zamani. Katika moja nilitia maziwa ya unga, ncha ya kijiko, siku tatu mfululizo, asubuhi nikielekea kazini. La pili sikuligusa. Siku ya nne, Alhamisi, nilikwenda na daftari. Bakuli la maziwa lilikuwa na ukungu na lilinuka. Haidra sita walikuwa vinundu visivyo na minyiri na wanne hawakuonekana popote. Bakuli la pili lilikuwa safi. Kumi walikuwa hai, wamenywea kidogo, na mmoja wao alikuwa na kichipukizi ubavuni, mtoto wake. Siwezi kuapa kwamba jua lilikuwa kali sawasawa na la mwaka ule. Mengine yote naapa.

Sasa kaa, Kaka, kama umesimama.

Upande wako wa habari tunaujua wote. Ulikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwaka wa mwisho chuoni, na mtihani wako wa vitendo ulikuwa huo huo: haidra mwenye njaa, alishwe mbele ya msahihishaji, na wewe uchore kila nusu saa kuanzia kudaka mpaka kutema. Uliwatoa mwenyewe kwenye bwawa la nyuma ya kiwanda cha matofali. Kwenye chupa ya pili uliweka viroboto wa maji, wale vidudu wanaorukaruka, kwa ajili ya siku yenyewe. Jumamosi uliwalisha haidra kwa mara ya mwisho ili Alhamisi wawe na njaa. Jumatatu ukaenda chuoni kwenye karatasi za maandishi. Alhamisi asubuhi ukapita nyumbani kuchukua chupa, ukakuta maji yana ukungu na hakuna kitu. Ukabeba chupa hivyo hivyo, kwa sababu wewe si mtu wa kukimbia. Nimesikia ukisimulia mara nyingi, kwa kicheko, jinsi ulivyosimama mbele ya msahihishaji na viroboto wa maji wazima kabisa, wanarukaruka, bila mtu wa kuwala. Ulimwambia umeacha chupa juani kwa uzembe wako. Akaandika sentensi moja: mwanafunzi huyu hafai kukabidhiwa viumbe hai. Muhula ule ule ukahamia hesabu.

Upande wangu ni huu. Jumatatu kabla hujaondoka ulinisimamisha mbele ya dirisha, ukanishika masikio yote mawili, ukasema: "Kasuku, usiguse, usihamishe, usilishe." Nikarudia yote matatu bila kukosea, maana ndiyo kazi iliyonipatia jina. Sikugusa. Sikuhamisha. Lakini jioni ile niliwatazama kwa ile lenzi yako yenye ufa nikaona wamenywea. Niliamini umewasahau kwa sababu ya mitihani. Nikalifikiria neno lako la tatu kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kufikiria jambo lolote, nikafikia uamuzi kwamba maziwa si chakula, ni kinywaji. Jumatatu nikatia ncha ya kijiko. Jumanne nikatia mara mbili, kwa sababu hawakuwa wamenenepa. Jumatano nikatia mara moja tu, kwa sababu Mama alikuwa ameanza kuuliza nani anapunguza kopo lake. Hiyo ndiyo habari. Ni mimi niliyewaua.

Utauliza kwa nini sikusema. Sikusema kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Katika kazi yangu hiyo ndiyo sababu ninayoisikia mara nyingi kuliko zote, na huwa siiandiki kabla ya kumuuliza msemaji swali la pili. Nimejiuliza. Siku ile nilikuwa mlangoni ulipomwambia Baba kwamba kosa ni lako, na nilichohisi ni raha. Baadaye nilijiambia kwamba maziwa hayawezi kumdhuru mtu, imeandikwa hivyo kwenye kopo. Baadaye tena, nilipokuwa mtu mzima na ningeweza kwenda kuuliza chuo chochote, sikwenda, kwa sababu ulikuwa umeshafundisha hesabu miaka mingi na niliogopa kukuambia kwamba ilianzia kwenye ncha ya kijiko. Mimi ambaye nimewauliza mawaziri na wezi wa kuku, swali hili nililikwepa mpaka nilipolipwa mshahara kwenda kuliuliza.

Sisemi kwamba hesabu zilikuwa hasara. Wanafunzi wako wamejaa kila ofisi ninayoingia, na hawakosei tarakimu. Wakijua mimi ni nani wananipa kiti. Ila sentensi ile iliandikwa dhidi ya mtu asiye sahihi, na wewe umeitii miaka arobaini na moja kuliko amri yoyote niliyowahi kuona mtu akiitii. Hukufuga paka. Hukuotesha hata ua. Kwetu gazetini kosa kama hilo lina mahali pake, ukurasa wa pili, chini kushoto, na lina namna yake ya kuandikwa. Nimeliandika mara chache kwa niaba ya wengine. Hili ni la kwangu:

Masahihisho. Iliripotiwa na kuaminika kwamba haidra waliokufa siku ya mtihani walikufa kwa uzembe wa mtunzaji wao. Si kweli. Mtunzaji alifuata utaratibu sahihi katika kila hatua, ikiwa ni pamoja na kuwaacha na njaa. Walikufa kwa maziwa waliyotiliwa na mdogo wake, ambaye alikuwa amekatazwa. Tunaomba radhi kwa usumbufu uliotokea.

Mama nimemwambia jana, Wifi akiwepo, kwa hiyo usidhani utakuwa wa mwisho kujua na usidhani wa kwanza. Sikujua atasema nini. Akahesabu kitu kwa vidole, kisha akasema: "Kumbe ni wewe! Na mimi nikamnywesha baba yenu chai bila maziwa wiki nzima." Hilo ndilo lililomuuma. Ameniambia maziwa yale hayajasahauliwa. Wifi alicheka mpaka akatoka nje, aliporudi macho yalikuwa mekundu na hakucheka tena. Akauliza kama haidra wanaweza kusafiri kwa basi.

Wanaweza. Nilimuuliza Mama Vikombe. Sasa unaweza kufungua taulo.

Ndani ya chupa kubwa kuna haidra kumi na mmoja. Ni wale kumi wa dirishani waliobaki hai bila kuguswa, pamoja na yule mtoto aliyekuwa ubavuni, ambaye juzi alijiachanisha akashika kioo peke yake. Ndani ya chupa ndogo kuna viroboto wa maji, hai. Mama Vikombe hakutaka kukupa kamba, alisema mtihani uwe ule ule. Hawajalishwa kwa siku tano. Wamenywea. Usiwahurumie, mimi nimeshafanya hivyo kwa niaba ya ukoo mzima. Waache watulie usiku mmoja, mahali pasipo jua kali, vifuniko vimelegezwa. Kesho asubuhi wape kiroboto mmoja mmoja, kaa kwenye kiti chenye mgongo kwa sababu ya magoti yako, na uchore kila nusu saa. Wakishatema, mwaga maji hapo hapo, futa kioo kwa kidole, tia maji mapya ya mvua, si ya bomba. Mjukuu akae karibu. Akikuuliza babu aliua nini, mwambie ampigie bibi yake. Safari hii nitasikia.

Michoro ikikamilika, mjibu mwalimu mkuu utakavyoona mwenyewe. Ukikataa kwa sababu ya magoti, au ya usingizi wa asubuhi, au kwa kuwa umewachoka watoto wa watu, nitakuunga mkono. Ile sababu ya chupa ndiyo nisiyoiruhusu tena. Haina chanzo.

Sikuandika haya ili unitumie msamaha kwa basi la kurudi. Chukua muda wako. Ukitaka kunigombeza, nipo nyumbani Jumapili mchana, na Mama amesema angependa kusikiliza.

Wasalimie wajukuu wote, yule wa samaki kwa namna ya pekee. Msalimie jirani yako mwenye mbwa. Mhariri wangu anakusalimu bila kukujua, na Mama Vikombe anauliza kama bado unayo ile lenzi yenye ufa. Mama anasema kula, na usimpe mtu kopo lako la maziwa. Wifi anagonga mlango, saa saba imeshapita na anataka kupakia.

Mimi mdogo wako, niliyeambiwa nisiguse, nisihamishe, nisilishe,

Kasuku